Mombasa, Lamu au Mji Mkongwe: kama ni safari moja tu, uende wapi?

Mtu akisema anataka kuona mji wa kale wa pwani, jibu la haraka analopewa ni Zanzibar. Picha zake zimeenea, boti ni nyingi, nyumba za wageni zipo za kila mfuko. Si jibu baya. Ila wengi wanaorudi kutoka huko wamepita vichochoroni, wamekula Forodhani, wamekwenda Nungwi kuogelea, na ukiwauliza mji ule ulijengwa na nani na kwa fedha gani, wanakuonyesha picha ya mlango. Kama unachofuata ni historia yenyewe, kuna miji mitatu ya kupima kabla hujakata tiketi: Mombasa, Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja.

Yote mitatu imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, lakini si kwa namna moja. Mji Mkongwe uliingia mwaka 2000 na Lamu 2001, na kila mmoja uliingia kama mji. Mombasa iliingia mwaka 2011 kwa Fort Jesus peke yake. Tofauti hiyo utaiona kwa macho ukifika.

Msimamo wangu niuseme mapema, ili ujue nasoma mizani kwa jicho gani. Anayekwenda pwani kwa mara ya kwanza na anataka kuelewa, namwambia aanze Mombasa, hata kama mji wenyewe hautamfurahisha sana. Mwenye nafasi ya safari moja tu, na asiye na haraka, aende Lamu. Mji Mkongwe naupa nafasi ya kwanza kwa mtu mwenye hamu ya karne ya 19, yaani sultani, karafuu, watumwa, ubalozi, Wahindi wa forodhani na Waingereza wa kuingilia mambo ya watu.

Ugomvi mmoja uliounganisha miji mitatu

Ukisoma vijitabu vya utalii utadhani kila mji una hadithi yake. Sivyo. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mombasa ilikuwa mikononi mwa Wamazrui, ukoo wa Kiomani uliokuwa umejitenga na watawala wa Muskat. Wakishirikiana na Pate, mji wa kisiwa jirani na Lamu, walitaka Lamu nayo iwe chini yao. Yapata 1812 majeshi yao yakashuka Shela, kijiji kilicho kusini mwa Lamu mjini, unachoweza kukifikia kwa miguu kwa kufuata ufuo. Waamu wakawapiga. Masimulizi yanasema waliokimbilia vyombo vyao walivikuta vimekaa mchangani, maji yametoka.

Ushindi ule uliwaachia Waamu hofu ya kisasi. Wakaomba ulinzi kwa Sayyid Said wa Muskat, naye hakusita kutuma watu wake. Ngome ya Lamu iliyoanza kujengwa baada ya vita hivyo ikakamilika yapata 1821. Sayyid Said akapata pa kutilia mguu Afrika ya Mashariki. Mwaka 1837 akawatoa Wamazrui Mombasa, na makao ya utawala wake yakahamia Unguja. Mengi ya majumba makubwa unayoyaona leo ufukweni mwa Mji Mkongwe yamejengwa na yeye, watoto wake, au matajiri waliowafuata.

Mwenye kujua hilo hatembei tena katika miji mitatu mbalimbali. Ndiyo maana nasema mpangilio wa safari una maana kuliko idadi ya siku.

Ngome tatu, na zote zilikuwa jela

Ngome ndicho kitu rahisi zaidi kulinganisha kwa kuwa kila mji una yake, na kila moja iliwahi kufungiwa watu. Hapo Mombasa inashinda, tena kwa mbali.

Fort Jesus ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, mhandisi wa kutoka Milan. Imekaa juu ya mwamba wa matumbawe kwenye mlango wa bandari, na siku hizi chini yake kuna ukuta wa kuzuia mawimbi yasiendelee kuula huo mwamba. Wapo wanaokwenda, wanapiga picha kwenye mizinga, wanatoka. Wamepoteza kiingilio. Ngome hii inataka saa tatu au nne na mtu wa kukusimulia, kwa sababu tabaka zake hazikufichana. Mabaki ya kanisa la Wareno yapo, nyumba ya Waomani imejengwa juu ya buruji la Wareno, na tangi la maji lipo karibu. Kuanzia 1895 hadi 1958 serikali ya kikoloni iliifanya gereza, kisha ukaja uchimbaji wa mambo ya kale ulioongozwa na James Kirkman, na makumbusho yakafunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Kuna vitu viwili ndani yake ambavyo havina mfano katika miji hiyo mingine. Kimoja ni michoro ya ukutani iliyoachwa na askari wa Kireno: meli, watu, samaki, vyote kwa rangi nyeusi na nyekundu. Si kazi ya fundi. Ni ya watu waliokuwa zamu usiku na hawana la kufanya, na ukiiangalia karibu utaona jinsi mmoja alivyojitahidi kwenye kamba za meli kwa kuwa ndizo alizozijua, ilhali watu wake ni vijiti tu. Cha pili ni mali iliyotolewa kwenye meli ya Santo António de Tanna, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 na kuchimbwa chini ya maji kuanzia 1977.

Meli ile ilikuja kwa sababu ngome ilikuwa imezingirwa. Waomani waliizingira ngome kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, miezi 33. Njaa na tauni viliua wengi kuliko risasi. Vijitabu huliita tukio hili vita vya Wareno na Waarabu, lakini wengi wa waliokuwa wamejifungia humo walikuwa watu wa pwani na familia zao, na kuna wakati ulinzi wenyewe ulibaki mikononi mwa Daudi wa Faza, mji mwingine wa kisiwa cha Pate, na jamaa zake, Wareno wakiwa karibu wamekwisha. Faza ilikuwa na ugomvi wake na Pate, na Pate ilikuwa upande wa Waomani. Siasa za visiwa vya Lamu ziliamuliwa Mombasa kabla hata ya Shela.

Mwulize pia anayekuongoza habari za Yusuf bin Hassan. Baba yake alikuwa mfalme wa Mombasa, akauawa kwa njama za Wareno. Mtoto akapelekwa Goa, akabatizwa, akaitwa Dom Jerónimo Chingulia, akarudishwa kutawala kama mtu wao. Mwaka 1631 aliingia ngomeni, akamuua kamanda wa Kireno, akarudi kwenye Uislamu na kuishika ngome. Mwaka uliofuata akaiacha na kuishia baharini akiwinda meli za Wareno. Ningekuwa na mamlaka, kisa hiki kingesimuliwa mlangoni kwa kila mgeni.

Ngome ya Lamu ni ndogo, ya mraba, ipo pale uwanjani Mkunguni ambako wazee hukaa chini ya miti na hamali hupita na punda. Nayo ilikuwa gereza, mpaka 1984. Leo ina maktaba na maonyesho. Nusu saa inatosha, halafu panda juu uangalie mapaa ya mji. Ngome Kongwe ya Unguja ilijengwa na Waomani baada ya kuwafukuza Wareno, mahali palipokuwa na kanisa. Imekuwa jela, imekuwa karakana ya reli ya Bububu, imekuwa mahali pa burudani ya wanawake wa kikoloni, na sasa ni pa maduka ya vinyago na matamasha, likiwemo Sauti za Busara la kila Februari. Kwa historia, ndiyo dhaifu kuliko zote tatu. Kwa kukaa jioni na upepo, haina tatizo.

Mji nje ya ngome

Sasa mizani inageuka. Ukitoka Fort Jesus ukaingia Ndia Kuu, Mombasa inaanza kupoteza alama. Msikiti wa Mandhry upo, unaotajwa kuwa wa 1570, na bado unaswaliwa. Leven House ipo juu ya maji, na ngazi za kushukia bandari ya kale zipo. Roshani za mbao zenye nakshi zipo pia, nyingi za karne ya 19 na mwanzo wa 20, na zinaonyesha mkono wa mafundi wa Kihindi. Lakini kati ya nyumba na nyumba pameota ghorofa za saruji, nyaya za umeme zimefunika nakshi, na baadhi ya majengo mazuri yamebaki ukuta wa mbele tu. Mombasa ni mji wa kazi. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa mwaka 1896 na bandari kubwa ikahamia Kilindini, Mji wa Kale ulibaki kuwa mtaa wa watu wanaoishi na kufanya biashara ndogo, na si kitu cha kuonyeshwa. Wengine hilo linawaudhi. Mimi naona lina heri yake: unakunywa kahawa tungu barazani na hakuna anayekuuzia safari ya pomboo.

Lamu ndipo utakapoona nyumba ya Kiswahili jinsi ilivyofikiriwa na walioijenga, na hapa naomba nikae kidogo, kwa maana ndiyo sababu kubwa ya kwenda huko.

Ingia katika ile nyumba ya karne ya 18 iliyofanywa makumbusho, sehemu ya Mkomani. Nje kuna daka, lenye viti vya mawe pande mbili, pa kumpokea mgeni asiye wa ndani. Ukivuka mlango hujafika. Unakutana na tekani, kijia kinachopinda, kwa hiyo anayepita njiani hata mlango ukiwa wazi haoni kitu. Kisha kiwanda, uwanja usio na paa, ndipo panapoingia mwanga na hewa. Baada ya hapo ni vyumba virefu vyembamba vilivyofuatana: msana wa tini, msana wa yuu, halafu ndani. Kila unapoingia zaidi sakafu inapanda kidogo na mwanga unapungua. Ukuta wa ndani umejaa zidaka, vijishimo vya plasta vilivyopangwa safu kwa safu, vya kuwekea vyombo vya Kichina na vitabu. Nyuma zaidi kuna nyumba ya kati, mahali pa uzazi na pa kuoshea maiti.

Vyumba ni vyembamba kwa sababu ya dari. Boriti za mikoko ndizo zilizobeba sakafu ya juu, na boriti ina urefu wake, mita 3 hivi au chini ya hapo. Fundi alikuwa hana njia ya kupanua chumba, akawa anakirefusha. Ukishalijua hilo utaliona Mombasa, utaliona Unguja, utaliona hata kwenye magofu. Kwa kuta ni matumbawe na chokaa iliyochomwa, kila mahali vilevile. Vyumba vingine vimerushwa juu ya kichochoro kuunganisha nyumba mbili za ukoo mmoja. Hiyo wanaiita wikio, na ndiyo iliyowawezesha wanawake wa zamani kutembeleana bila kushuka njiani.

Ukimaliza hapo, nenda makumbusho ya Lamu yaliyo ufukweni, katika nyumba waliyokaa maofisa wa Kiingereza. Humo kuna siwa ya pembe ya ndovu iliyotoka Pate. Kama ni kitu kimoja tu cha kuangalia Lamu, ni hiyo. Ilipulizwa kwenye harusi na sherehe za wakuu, na haikuwa ya kila mtu.

Mji wenyewe una sura mbili. Kaskazini ni Mkomani, mawe na koo za zamani. Kusini ni Langoni, ambako wageni wa Hadhramaut, Ngazija na visiwa vya jirani walijenga, na ndiko uliko Msikiti wa Riyadha. Ulianzishwa na Habib Swaleh mwishoni mwa karne ya 19, sharifu aliyefundisha watoto wa watumwa na maskini wakati ambapo wakubwa wa Mkomani hawakuwa tayari kukaa nao darasa moja. Maulidi ya Lamu ya Mfungo Sita, yanayovuta watu kutoka Afrika ya Mashariki nzima, yametoka huko. Ukifika wakati huo usitarajie chumba bila kuagiza mapema.

Lamu nayo si pepo. Nyumba nyingi za mawe, hasa Shela, zimenunuliwa na wageni wa ng'ambo na kufungwa sehemu kubwa ya mwaka. Mitaro inapita katikati ya njia, na punda ni punda. Mchana mji unalala, na asiyependa kukaa bure atachoka siku ya pili. Na bandari mpya ya LAPSSET, mradi wa kuiunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, iliyo upande wa bara imewaletea wavuvi maswali ambayo hayajaisha.

Mji Mkongwe na mambo mazito

Utajiri wa Mji Mkongwe ni wa karne moja, na uliingia haraka: karafuu, pembe, watumwa na ushuru wa forodha. Forodha yenyewe sultani aliikodisha kwa matajiri wa Kihindi. Nenda ukaione ile zahanati ya zamani ya Tharia Topan pale ufukweni karibu na bandari, na roshani zake zilizopakwa rangi ya kijani na nyeupe. Topan alikuwa mmoja wa hao wakusanya ushuru, na jengo lake linaeleza vizuri kuliko kitabu fedha ilikuwa kwa nani.

Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu, alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883, ndilo jengo ambalo wengi huenda kulitafuta. Desemba 25, 2020 sehemu yake ya mbele iliporomoka wakati wa matengenezo, na watu walifariki. Kabla hujalipanga katika ratiba yako, uliza kwanza kama limefunguliwa. Na kumbuka jengo hilo liliponea risasi Agosti 27, 1896, siku meli za Waingereza zilipopiga mizinga kasri iliyo jirani, vita vilivyokwisha kabla ya saa moja kutimia.

Kitakachokubana zaidi ni soko la watumwa. Barghash alilazimishwa na Waingereza kulifunga mwaka 1873, na mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa la Anglikana mahali hapo. Altare imewekwa panaposemekana palikuwa na mti wa kuchapia watu. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, amezikwa nyuma yake. Nje kuna sanamu za Clara Sörnäs za mwaka 1998, watu watano shimoni wakiwa na minyororo shingoni. Hapo hata wanafunzi wenye kelele hunyamaza.

Karibu na hapo utapelekwa chini ya jengo kwenye vyumba viwili vya giza, dari inagusa kichwa, uambiwe watumwa walifungiwa humo wakingoja mnada. Wako wanahistoria wanaopinga, wakisema jengo hilo ni la misheni na lilijengwa soko likiwa limeshafungwa. Nenda ukaone, lakini soma na maonyesho ya maandishi yaliyopo hapo, yana kazi nzuri zaidi kuliko vile vyumba. Kwa mtu anayetaka kuujua utumwa wa pwani, hakuna mahali Mombasa au Lamu panapolizungumza jambo hili kwa uwazi huo. Mombasa kuna Frere Town, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa na wamisionari katika miaka ya 1870, na kengele yake bado ipo Kengeleni, watu wakipita na matatu bila kuitazama. Lamu wazee wanalijua, ila si la kusemwa mbele ya mgeni wa jana. Utumwa huko ulifutwa kisheria mwaka 1907.

Halafu kuna Januari 12, 1964. Huwezi kuelewa kwa nini nusu ya Mji Mkongwe imechakaa usipojua kwamba baada ya Mapinduzi wenye nyumba wengi waliondoka au walinyang'anywa, wakawekwa wapangaji, na nyumba ya chokaa isiyopakwa chokaa kila baada ya miaka michache huanza kunywa maji ya mvua. Mamlaka ya kuuhifadhi mji iliundwa mwaka 1985, na kazi yake haijawahi kuwa ndogo. Utawasikia watu wawili wa mtaa mmoja wakisimulia mwaka ule kwa namna mbili zisizokutana. Sikiliza zote, usiamue kesi.

Milango, basi, maana najua utaiuliza. Unguja inaongoza kwa wingi na kwa aina. Yenye kizingiti cha juu kilichonyooka na maandishi ya Kurani ni ya mtindo wa Kiarabu, na ile yenye upinde na miba ya shaba imefuata mtindo wa India. Mwongozaji akikuambia kwamba nakshi ya mnyororo maana yake mwenye nyumba alifanya biashara ya watumwa, ichukue kama hadithi ya njiani. Na ndiyo, Freddie Mercury alizaliwa huko mwaka 1946, lakini hilo halikupi siku ya ziada.

Bandari yenyewe iko wapi?

Inashangaza jinsi watu wanavyokwenda mji wa bandari wasiiangalie bahari. Miji hii iliishi kwa pepo mbili. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Uarabuni, Ghuba na India kuanzia mwisho wa mwaka, na kusi ikawarudisha kuanzia Aprili. Mgeni alikaa miezi, akaoa, akaacha mtoto na msikiti.

Kwa hili Lamu inaongoza tena. Majahazi bado yanabeba mchanga, mawe na boriti, na huko Matondoni, upande wa pili wa kisiwa, mafundi bado wanaunda vyombo. Kodi mashua ya kwenda Takwa, magofu ya karne ya 15 hadi 17 kisiwani Manda, lakini uliza nahodha maji yanajaa saa ngapi, kwa kuwa mkono wa bahari unaopita kwenye mikoko kufika huko hauingiliki maji yakitoka. Unguja, simama upande wa mtaa wa Malindi asubuhi uone vyombo vya mizigo na samaki vikishusha. Mombasa, bandari ya kale imekuwa kimya sana, na sehemu yake haina ruhusa ya kupiga picha. Usibishane na askari.

Kufika, kuvaa, kulipa

Mombasa ndiyo rahisi. Treni ya SGR kutoka Nairobi inafika Miritini, kisha unaingia mjini kwa matatu au teksi. Lamu unaweza kwenda kwa ndege hadi Manda na kuvuka kwa boti, au kwa basi kupitia Malindi na Garsen hadi Mokowe. Njia ya basi imewahi kuwa na matatizo ya usalama na ina vizuizi vya polisi, basi uliza hali ilivyo wiki hiyo, si mwaka jana. Unguja ni boti ya karibu saa mbili kutoka Dar es Salaam. Mkenya aende na pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Makumbusho ya taifa Kenya yana viingilio tofauti kwa raia, wakazi na wageni. Beba kitambulisho, na uwe na simu yenye fedha kwa kuwa malipo hupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali.

Mavazi ya heshima yanatakiwa kote, Lamu zaidi. Ramadhani si wakati mbaya kama watu wanavyosema: mchana ni kimya na mikahawa mingi imefungwa, lakini usiku mji unafunguka, na ukialikwa futari utajifunza mengi kuliko kwenye ziara. Unguja utasumbuliwa na papasi, vijana wanaowaandama wageni, kuanzia getini. Sema "sitaki, ahsante ndugu yangu" bila kusimama. Tafuta mwongozaji kupitia nyumba unayolala, na umwambie tangu mwanzo unataka historia, usipelekwe madukani.

Kiswahili chako kitakufungulia mlango ambao mtalii mwingine hana. Wamvita wa Mombasa na Waamu wa Lamu wana lahaja zao. Lamu utasikia maneno yakikupita, na mzee akiona unajitahidi kuyafuata atakukalisha barazani. Amkia vizuri, "shikamoo" kwa aliyekuzidi, kabla ya kuuliza njia.

Ukiniuliza mimi

Mwenye siku mbili tu, Mombasa: asubuhi nzima ngomeni, jioni Mji wa Kale kwa miguu, siku ya pili Frere Town na bandari. Familia yenye watoto wadogo pia ningeipeleka hapo, kwa kuwa watoto wanaipenda mizinga kuliko zidaka, na hospitali na usafiri viko karibu. Mwalimu anayepeleka wanafunzi wa historia achague kati ya Fort Jesus na lile kanisa la soko la watumwa, Mkunazini, Unguja, kulingana na anachofundisha.

Mwenye siku nne au zaidi na anayeweza kukaa bila ratiba, Lamu. Chini ya usiku tatu usiende, utakuwa umelipia nauli kuliko mji. Mwenye wiki na fedha kidogo ya ziada, kama si mara yake ya kwanza pwani, aunganishe Lamu na Mombasa kwa mfuatano huo, Shela kwanza na ngome baadaye, halafu Unguja iwe ya mwaka mwingine.

Anayeishi Dar es Salaam na hana nafasi hata ya Unguja asidharau Bagamoyo, ambayo inawezekana kwa siku moja. Misheni ya Wakatoliki ya 1868, mahali mwili wa Livingstone ulipopitishwa mwaka 1874 ukielekea Unguja, boma la Wajerumani lililochoka, na magofu ya Kaole kilomita chache kusini. Kilwa Kisiwani ni kubwa zaidi kwa historia kuliko yote niliyoyataja, Ibn Battuta alifika huko mwaka 1331, lakini ni magofu na si mji wa watu, kwa hiyo sikuuweka kwenye mizani hii.

Kuhusu msimu: kati ya Juni na Agosti kusi huchafua bahari ya Lamu na mashua ndogo hukataa safari, mvua za masika huharibu vichochoro Aprili na Mei kote, na Desemba bei hupanda Unguja kuliko kwingine. Septemba na Oktoba, au Februari, ndiyo miezi ambayo ningechagua.